Walipoacha Kuteremka Kupigwa Picha

Kabla kipindupindu hakijafika kwetu, foleni ya chumba changu ilianzia mlangoni, ikapita dirisha la dawa, ikatoka nje mpaka kwenye kivuli cha ukuta wa jikoni. Nasema chumba changu kwa sababu ndivyo kilivyokuwa. Hospitalini pale walikuwapo madaktari, waganga wasaidizi na wauguzi waliobobea, lakini mwenye diploma ya kupiga picha za eksirei alikuwa mmoja tu, naye ndiye anayeandika maneno haya. Wenzangu walifundishwa kazini, mmoja akimwonyesha mwingine kitufe cha kubonyeza. Mimi nilikaa darasani Ulaya, nikajifunza kila mfupa kwa jina lake la Kilatini, nikafanya mtihani kwa lugha ya watu na kuwashinda baadhi ya wenye lugha yao. Kisha nikarudi. Wapo niliosoma nao ambao walibaki huko, na tukikutana huniuliza kwa nini sikubaki. Huwa nawajibu kwamba kule ningekuwa mmoja kati ya wengi.

Sikurithi kitu. Nilizaliwa mtoto wa kati, na kwetu mlimani jambo hilo lina maana yake. Kifungua mimba hukatiwa kihamba chake anapooa, apande migomba yake na kahawa yake. Kitinda mimba hubaki nyumbani na kurithi nyumba ya wazazi pamoja na kihamba chenye makaburi ya ukoo. Wa kati hupewa baraka, na baraka hailimwi. Kwa hiyo niliteremka Moshi nikiwa kijana, nikapata kazi ya kufagia katika hospitali hiyo hiyo, nikazoea kuchungulia chumba cha giza ambamo picha zilioshwa chini ya taa nyekundu. Aliyekuwa akipiga picha wakati huo alinikuta nimepanga filamu kwa usahihi kuliko yeye. Nchi ilikuwa changa na ilitafuta vijana wa kuwapeleka kusoma. Niliomba, nikakataliwa, nikaomba tena. Hakuna mjomba aliyenishika mkono.

Watu walizipenda picha zangu kupita kiasi. Waliteremka kutoka Old Moshi na Marangu, wengine wakaja kwa basi kutoka Bomang'ombe, wamevaa nguo za kanisani kwa sababu walikuwa wanakwenda kupigwa picha. Niliwaambia wavue, wakaona nawadhalilisha. Mama mmoja aliniuliza lini angeichukua picha yake akaitundike ukutani karibu na ile ya harusi. Meku mmoja, mzee wa huko juu, alirudi kila msimu wa kahawa akidai mashine ile ilimtoa maumivu ya mgongo kuliko dawa yoyote, na alipoambiwa haiponyi bali inaonyesha tu, alinitazama kwa huruma akasema, "Wewe ndiye unayeipiga, huwezi kujua utamu wake." Madaktari nao waliandika picha kwa kila kifua kilichokohoa na kila goti lililolalamika. Tukifunga mlango jioni, wapo waliokuwa wamekaa benchi tangu asubuhi, nao walikubali kulala mjini kwa jamaa ili wawahi kesho. Kwa kweli nilifurahia foleni ile. Nikipita asubuhi nimevaa koti jeupe nilisikia wakinong'onezana, "Ndiye huyo. Amesoma Ulaya huyo."

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, hakuwahi kukaa kwenye foleni hiyo. Yeye ndiye aliyekuwa mwenye nyumba kule juu Old Moshi. Nilikuwa nakwenda Jumapili baada ya ibada, tunakaa nyuma ya nyumba tukinywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa kupokezana kibuyu, naye alinichokoza tangu nikaapo mpaka niinukapo.

"Kaka, wewe una diploma, mimi nina migomba," aliniambia mara nyingi. "Ikija njaa tutaona nani anatafuna cheti."

"Na ukija ugonjwa tutaona nani anapigwa picha na mgomba."

"Mimi nitaugua nini? Ng'ombe ndiye mgonjwa katika nyumba hii. Mpige picha ng'ombe."

Mkewe, shemeji yangu, alicheka mpaka akaweka chini bakuli la mtori. Jumapili moja mdogo wangu alicheka naye, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi hakikuisha. Alijiinamia, mkono mmoja kwenye mgomba, mabega yakimtikisika. Mimi nilisikiliza vifua kwa kazi, maana kila niliyemwambia avute pumzi alinikoholea usoni kwanza. Kikohozi kile nilikitambua. Nikamwuliza kimeanza lini, akasema ni vumbi la pumba. Nikamwuliza shemeji, akasema kimeanza kabla ya mvua, na usiku analowa jasho.

"Uje wiki hii," nikamwambia. "Hutakaa foleni. Nitakuingiza mlango wa nyuma."

"Tukimaliza kuchuma kahawa."

"Kahawa haikimbii."

"Inaanguka chini, kaka. Umesahau. Wewe unachuma mifupa."

Alikubali hatimaye kwamba kahawa ikishaingia ghalani atateremka. Nilikuwa na hakika kwamba ni kifua kikuu, na kwamba kiko mwanzoni. Kwa sindano na vidonge vya wakati ule mtu wa namna hiyo alipona akarudi shambani. Kilichohitajika ni picha ya kuonyesha ugonjwa umefika wapi, ili daktari aanze dawa. Na mpiga picha alikuwa nduguye wa tumbo moja.

Kahawa haikuwa imekwisha kuchumwa kipindupindu kilipotufikia. Tulikuwa tumekisikia redioni kama kitu cha nchi nyingine, kisha cha pwani, kisha mtu mmoja akaletwa hospitalini kutoka tambarare amekauka kama ganda, macho yameingia ndani, na kabla hatujamaliza kumshangaa wakaletwa wengine. Hema zikasimamishwa nyuma ya wodi. Vizuizi vikawekwa barabarani. Mabasi ya mlimani yakasimama. Soko likafungwa, pombe za kienyeji zikapigwa marufuku, na mabalozi wa nyumba kumi wakapita kuwaambia watu wasinywe maji ya mfongo bila kuyachemsha. Mfongo ni ule mfereji unaotoa maji juu msituni na kuyapitisha katika kila kihamba. Mababu waliuchimba, watu wakaoga na kunywa maji yake maisha yao yote, na sasa waliambiwa umebeba kifo. Wengi walichukia kuambiwa hivyo kuliko walivyouogopa ugonjwa wenyewe.

Foleni yangu ilipungua, kisha ikakatika. Nilidhani ni vizuizi. Lakini mjini hapakuwa na kizuizi, na hata watu wa mjini hawakuja. Asubuhi niliwasha mashine, nikaipasha moto kama nilivyofundishwa, nikakaa kwenye kiti nikisikiliza ikivuma. Benchi lilikuwa tupu. Dawa ya kuoshea picha ikageuka rangi ya chai kwenye bakuli bila kuosha kitu, nikaimwaga nikachanganya nyingine, nayo ikageuka. Kipindupindu hakina cha kupigwa picha. Mtu anayeharisha mpaka kufa, eksirei haimwongezei wala kumpunguzia. Hilo nililielewa. Sikuelewa wamekwenda wapi wenye vifua, wenye mifupa iliyovunjika, wanawake waliomeza sindano za kushonea, watoto walioanguka kutoka kwenye miti. Kwa vyovyote hawakuwa wameacha kuanguka.

Aliyenieleza alikuwa muuguzi mmoja mtu mzima, mzaliwa wa Marangu, tuliyefanya naye kazi kwenye mahema baada ya mganga mkuu kunipeleka huko.

"Hawaogopi mashine yako," aliniambia, tukifunga mirija ya maji ya chumvi. "Wanaogopa chokaa."

Waliokufa kwa kipindupindu hawakurudishwa kwao. Hiyo ilikuwa amri, na kwa ugonjwa ule ilikuwa na sababu. Maiti ilifungwa, ikamwagiwa chokaa, ikazikwa na watu wa afya mahali palipotengwa nje ya mji, ndugu wakisimama mbali. Kwa mtu wa kutoka sehemu nyingine aliyekuja kufanya kazi tambarare ilikuwa huzuni kubwa. Kwa mtu wa mlimani ilikuwa zaidi ya huzuni. Kwetu mtu huzikwa katika kihamba chake, chini ya migomba yake, karibu na waliomtangulia, na watoto wake hulima wakimzunguka. Mtu aliyezikwa kwingine ni kama mtu aliyepotea njiani, hata kama kaburi lake linajulikana. Mzee mmoja wa kanisa, mtu aliyeheshimika, alifia katika mahema yetu akazikwa kwa chokaa, na habari ile ilipanda mlima bila kuhitaji basi. Ilipofika juu ilikuwa imekwisha kugeuka: yeyote anayeingia hospitali, hata aliyevunjika kidole, akifa hatarudi. Basi mwenye kidole akabaki nyumbani.

Waunga mifupa wa vijijini walipata kazi kuliko wakati wowote. Nasema hivyo bila wivu. Wengine ni hodari, lakini hakuna mtu mwenye macho ya kuona ndani ya nyama. Baadaye niliwaona wagonjwa wao, mmoja mkono umeungana kama jembe lililopinda mpini.

Mimi nilibeba ndoo. Mwenye diploma ya Ulaya nilibeba ndoo za matapishi na kumwaga chokaa, na sioni aibu kulisema. Niliifanya kazi ile vizuri kama nilivyofanya kila kazi, tangu kufagia. Lakini kila nilipoinama juu ya mtu wa kipindupindu nilimsikia mtu mwingine akikohoa huko Old Moshi.

Nilipopata siku ya mapumziko nilipanda kwa miguu. Mgambo wa kwenye kizuizi aliniruhusu alipoona koti langu na barua ya hospitali, ingawa aliipokea barua kwa ncha za vidole. Nyumbani shemeji aliniona kutoka mbali, hakuja kunipokea. Alitoa kigoda akakiweka uani, akarudi mlangoni.

"Usinichukie, shemeji," alisema. "Tumeambiwa wa hospitali wasiguswe."

"Mmeambiwa vizuri," nikamjibu. "Nimenawa, lakini mmeambiwa vizuri."

Mdogo wangu alitoka amejifunika blanketi wakati jua lilikuwa kali. Mifupa ya mabega ilionekana kupitia blanketi. Alikaa kwenye gogo upande wa pili wa ua, akatabasamu.

"Unanuka Dettol, kaka. Hata nzi wa hapa wamekimbia."

"Nimekuja kukuchukua. Tuteremke leo. Nitakupiga picha mwenyewe, daktari aone, jioni urudi."

"Kwa kizuizi kile?"

"Nitamwomba daktari aandike barua."

Akatikisa kichwa. Nikamweleza. Nilimweleza kila kitu, kwamba kipindupindu ni cha tumbo na chake ni cha kifua, kwamba chumba changu kiko upande mwingine kabisa na mahema, kwamba hakuna mtu aliyeambukizwa chumbani kwangu, kwamba mashine imekaa bure inamsubiri yeye. Niliongea kwa ufasaha. Nilitaja mpaka jina la kidudu cha kifua kikuu. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Unajua kila kitu, kaka," alisema. "Na mahali watakaponizika, unapajua?"

"Hutakufa. Hicho ndicho nakuambia."

"Sikukuuliza hilo." Alielekeza kidevu nyuma ya nyumba, kwenye migomba ya zamani ambako baba na mama wamelala. "Wewe uliambiwa uende, ukaenda, ukafika mbali. Mimi niliambiwa nikae. Nikizikwa na chokaa huko mjini, hawa nimewaachia nani?"

Nikakasirika. Nikamwambia huo ni ushamba, na kwamba baba mwenyewe angemfukuza ateremke. Akasema, "Baba hasemi. Nimemwuliza." Kisha kikohozi kikamshika, na alipomaliza alifuta mdomo kwa pembe ya blanketi, akaikunja haraka pembe ile. Niliona wekundu.

Nilimwendea mganga mkuu. Nilimwomba anipe vidonge na sindano nimpelekee mdogo wangu, nimchome mwenyewe. Alikuwa mtu mwema aliyekuwa hajalala vya kutosha kwa muda mrefu.

"Wewe ni mtu wa kazi hii," aliniambia. "Nimwanzishie mtu dawa kali ambaye sijamwona, wala kifua chake sijakiona? Niletee makohozi."

"Maabara wamesema hawapokei."

Hilo lilikuwa kweli. Maabara ilijaa vikopo vya kipindupindu mpaka sakafuni, na darubini ile moja haikuwa na nafasi ya kitu kingine. Akasugua macho.

"Basi niletee yeye."

Wiki zilipita. Vizuizi vikaanza kulegezwa, mahema yakaanza kupungua watu, nami nikarudishwa kwenye mashine yangu. Benchi liliendelea kuwa tupu. Hapo ndipo nilipojua kwamba ugonjwa unaweza kuondoka na woga wake ukabaki. Serikali ya kijiji ilitangaza kwamba hospitali iko salama. Mchungaji alitangaza. Mimi mwenyewe nilisimama mbele ya kanisa letu kule juu, nikaeleza kwa nusu saa nzima umuhimu wa picha ya kifua, na watu wakanishukuru na kunisifia Kiswahili changu. Hakuna hata mmoja aliyeteremka. Mdogo wangu hakuwapo kanisani. Shemeji aliniambia siku hizi hafiki mpaka barabarani.

Nilipotoka ibadani sikuenda moja kwa moja nyumbani. Nilisimama kwenye mpaka wa kihamba chetu, penye safu ya masale.

Isale ni mmea wa kawaida, majani marefu ya kijani, tunaoupanda mpakani na juu ya makaburi. Lakini mtu akikukosea, au akiwa na ombi zito ambalo umelikataa, akavunja jani la isale na kukuletea, hukatai. Watu wamesamehe damu kwa jani hilo. Mimi nilikulia shuleni na kanisani, na huko Ulaya niliwahi kuwaelezea wenzangu desturi hiyo kama kichekesho. Tena huletwa na mdogo kwa mkubwa, na mkosaji kwa mkosewa. Sijawahi kusikia kaka akimpelekea mdogo wake, na tena kaka ambaye hakukosea chochote.

Nilivunja jani nikalifunga fundo. Nilimkuta amelala ndani karibu na moto, shemeji akimpa uji wa ndizi kwa kijiko. Nikapiga magoti na suti yangu ya Ulaya, nikamnyooshea jani kwa mikono miwili. Shemeji aliweka kijiko chini.

Mdogo wangu alilitazama jani, akanitazama mimi, akalitazama tena.

"Nani kakufundisha kulifunga?"

"Baba."

"Umelifunga vibaya." Lakini alilipokea, akalilaza kifuani juu ya blanketi. "Umeniweza, kaka. Nitakwenda. Ila na wewe unipe neno. Utanirudisha."

"Nitakurudisha jioni."

"Sikusema jioni. Nilisema utanirudisha."

Nikamwambia nitamrudisha, vyovyote vitakavyokuwa. Shemeji akageuza uso ukutani.

Kesho yake tulimbeba kwa machela mpaka barabarani na kumpandisha kwenye lori la kahawa, tukamkalisha juu ya magunia. Njia nzima alichunguza vihamba vya watu, huyu hajapalilia, yule ameruhusu migomba ianguke, kama mkaguzi. Watu walisimama mbali kando ya barabara kumwangalia. Mzee mmoja alimwuliza kwa Kichagga anakwenda wapi, naye akajibu, "Nakwenda kupigwa picha na kaka yangu, maana hana mteja mwingine."

Alisema kweli. Siku hiyo alikuwa peke yake. Nilimsimamisha mbele ya ubao, nikamwegemeza kidevu, nikamgeuza mabega mbele kama inavyotakiwa. Ngozi yake ilikuwa ya moto. Nilimwambia avute pumzi aishike, hakuweza kuishika, tukarudia. Kisha nikaingia chumba cha giza.

Filamu ikiingia kwenye dawa huwa tupu, halafu mbavu huanza kujitokeza taratibu, kisha moyo, kisha kilichobaki. Hewa huwa nyeusi katika picha, na kifua kizima huwa na weusi mzuri pande mbili. Nilingoja weusi. Upande wa kulia haukuja. Ulikuja weupe tu, kama ukungu unapofunika mlima, na ndani ya weupe matundu ambamo ningeweza kupitisha kidole. Upande wa kushoto ukungu ulikuwa umeshafika nusu. Nilikuwa nimeona picha za namna hiyo kwenye vitabu Ulaya, chini yake pameandikwa kwa herufi ndogo kwamba mgonjwa hakuishi. Picha yenyewe ilikuwa nzuri, imenyooka, haina doa. Sijui kama niliwahi kupiga nyingine nzuri kuliko ile.

Nilipotoka alikuwa amekaa kwenye benchi, shemeji amemwegemeza.

"Nionyeshe," alisema.

Sheria za kazi hazikuruhusu, lakini niliinua filamu dirishani. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Huyo ni mimi?"

"Ni wewe."

"Hiki cheupe ndicho?"

"Ndicho."

"Wakati ule uliponiambia nije, kabla ya kahawa, kingekuwa kikubwa namna hii?"

Shemeji alikuwa ananitazama. Mdogo wangu akaona, akarudisha macho kwenye filamu.

"Umenitoa vizuri," alisema. "Mbavu zote zimetokea."

Walimpeleka hospitali ya wagonjwa wa kifua. Walimchoma sindano, walimpa vidonge, walifanya kila kilichofanywa wakati ule, na dawa zilifanya kazi kwa jinsi zilivyoweza katika mapafu yaliyobaki. Nilimtembelea kila nilipoweza. Mara ya mwisho aliniuliza kama kahawa ya mlimani imechanua. Nikamwambia imechanua. Akasema basi mvua zimewahi. Hakuiona ikizaa.

Kumrudisha ilikuwa vita. Bwana afya alitaka hakikisho kwamba si kipindupindu. Nikamletea la daktari. Akataka lenye mhuri. Nikamletea lenye mhuri. Dereva wa hospitali alisema lori haliendi mlimani na maiti katika kipindi hiki, watu watampiga mawe. Nikavaa koti langu jeupe, nikapanda nyuma, nikakaa karibu na jeneza, mkono wangu ukiwa juu ya kifuniko ili kila mtu aone, nikamwambia sasa endesha. Alinitazama, akaendesha.

Katika barabara yote ya Old Moshi watu walitoka. Hawakuja karibu, walisimama nyuma ya nyua zao, wanaume wamevua kofia. Hakuna aliyeimba. Nyumbani tulikuwa wachache, kaka yetu mkubwa, shemeji, mchungaji, majirani wawili waliokubali kuchimba. Tulimlaza alipotaka, nyuma ya nyumba, miguuni pa mama. Shemeji alikuwa amepika kiburu, ndizi na maharage, cha kutosha ukoo mzima. Watu waliaga kwa kutikisa vichwa kutoka mbali, wakaondoka bila kula, na jioni aliwamwagia ng'ombe kilichobaki vyunguni.

Nilirudi kazini mwanzo wa wiki. Nilipokaribia chumba changu nikaona watu kwenye benchi. Walikuwa wamelijaza, na wengine walisimama hadi dirisha la dawa, na nje nikaona wengine wanashuka kwenye lori. Wenye vifua, wenye mikono iliyoungana kombo, kijana mwenye goti lililovimba kama kibuyu. Wengi niliwatambua kwa sura, ni watu wa huko juu, waliosimama nyuma ya ua.

Wa kwanza alikuwa bibi mmoja mwembamba, anakohoa kwenye leso.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyemrudisha mdogo wako?"

"Ndiye mimi."

"Nilikuona. Ulikuwa umeweka mkono hivi." Akaonyesha kwa kiganja chake. "Na mimi nikifia humu, utanirudisha?"

"Utapigwa picha, bibi, upewe dawa, urudi mwenyewe."

"Hilo halikuulizwa."

Nikamwambia nitamrudisha. Akataka niseme kwa sauti, waliopo wasikie. Nikasema kwa sauti. Ndipo akavua khanga ya begani na kusimama mbele ya ubao. Na yule wa pili alipoingia aliniuliza lile lile kabla hajafungua kifungo cha shati, na wa tatu, na waliofuata, siku ile na wiki ile. Nilimjibu kila mmoja nikitaja kijiji nitakakomrudisha. Wengi walikuwa wamechelewa. Jioni, picha zikining'inia kukauka kwenye waya, nilizipitia moja moja nikitafuta weusi.